Vikaratasi vya Idi vya Bi Sakina

Wanangu, mmeniomba niwafundishe kutengeneza kadi na vizawadi vya kugawa sikukuu hizi, kwa sababu mmesikia kwamba zamani nililipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ni kweli. Kwa miaka kumi na minne hapa Toronto, mimi mtu mzima niliamka asubuhi, nikavaa buti za theluji, nikapanda basi la kwanza na la pili mpaka upande wa Downsview, nikaenda kukata karatasi na kupaka gundi. Nilipomweleza kaka yangu aliyeko Masasi kwa simu, aliniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kule ghalani nilikokuwa nikifunga maboksi.

Sikufukuzwa. Nilikuwa nimepata kazi katika nyumba ya wazee, kitengo cha shughuli. Wauguzi waliwaogesha wazee na kuwapa dawa, na sisi wa shughuli tuliwapa sababu ya kutoka vitandani. Wimbo kidogo, mazoezi ya kurusha mpira wakiwa wamekaa vitini, na zaidi ya yote kazi za mikono: kadi za Krismasi, maua ya karatasi ya Siku ya Mama, nyota za unga wa chumvi, mapambo ya kuning'iniza mlangoni. Kila mzee alitakiwa awe na kitu cha kumpa mgeni wake. Kwamba mgeni hatakuja, hilo halikuandikwa kwenye ratiba.

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa chekechea, kwa hiyo nilidhani najua kila kitu. Wiki ya kwanza nikawakandia wazee unga wa ngano, chumvi na maji, tukakata nyota, nikazipanga kwenye sinia zikauke. Nilipogeuka kuchukua uzi, mzee mmoja wa Kiitaliano alikuwa amekula mbili na anatafuna ya tatu. Nesi akaja mbio. Yule mzee akasema hajawahi kula biskuti mbaya kama ile tangu vita, lakini ameila ili mama yangu asisikitike. Alidhani mama yangu ndiye mpishi wa nyumba.

Aliyenifundisha kazi ni Doreen, mwanamke wa Kijamaika aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Doreen alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo. Kwake nilijifunza mambo ambayo hakuna darasa linalofundisha. Funga kipande cha sponji kwenye mpini wa brashi, mkono uliokufa ganzi uweze kuushika. Bandika karatasi mezani kwa utepe pande zote nne, isikimbie. Gundi ya dukani inanuka na wengine wataionja, kwa hiyo pika ya unga: kijiko cha unga, kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe kama uji uliopoteza weupe wake. Usimuulize mzee hata siku moja, "Unakumbuka?" Mwanzishie kunjo la kwanza, halafu uondoe mkono wako uone vidole vyake vinakwenda wapi.

Na kubwa kuliko yote, Doreen alisema, "Usirekebishe. Kikipinda, ni yeye aliyekipinda. Ukikinyoosha, umemfuta."

Nilimwitikia. Nilimwitikia kama mnavyoniitikia ninyi, huku mnaangalia simu.

Doreen akastaafu, akaja msimamizi mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka picha za kuweka kwenye jarida la nyumba, na alitaka maonyesho ukumbini kila sikukuu ili familia zikija zione kwamba wazazi wao wana maisha. Sasa, kadi halisi ya mtu mwenye ugonjwa wa kusahau haina sura. Ni doa la gundi, karatasi iliyokunjwa mara tisa, pengine alama ya chai. Maonyesho ya kwanza msimamizi aliziangalia zile meza, akaniambia kwa adabu, "Labda wakati mwingine uwasaidie kidogo zaidi."

Nikasaidia. Mwanzo nilinyoosha kingo tu kwa mkasi. Halafu nikawa nabandua ua lililobandikwa kichwa chini na kulibandika sawa. Mwaka wa tatu wa msimamizi yule, wazee walipokwenda kula chakula cha mchana, mimi nilibaki chumbani natengeneza kadi upya, nzima nzima, nyuma naandika majina yao. Familia zilifurahi ajabu. Binti mmoja wa Kipolandi alilia kifuani kwangu kwa sababu mama yake, aliyekuwa hawezi hata kushika kijiko, amemtengenezea shada la waridi. Nikampapasa mgongo. Siwezi kuwaficha: nilijisikia mtu mwema. Nyumbani watoto wangu wa kuzaa walishazoea kunijibu Kiingereza na kufungua milango ya vyumba vyao nusu. Pale kazini watu walinikumbatia.

Ndipo akaletwa Bi Sakina.

Alikuwa mama wa Kihindi, wa jamii ya Waislamu wa Khoja, mzaliwa wa Lindi, mwembamba kama ufito, na mtandio mweupe hautoki kichwani. Mwanawe, Murtaza, aliishi Thornhill karibu na kituo chao cha ibada, akamleta kwetu baada ya mama kuwasha jiko na kulisahau mara mbili. Kwenye faili waliandika kwamba hasemi. Wauguzi walimsemesha Kiingereza, akawatazama tu. Nikapita na kitoroli changu cha karatasi, nikaona jina na mahali alipozaliwa, nikasema bila kufikiri, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema. "Mbona umechelewa? Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Masasi, Bibi."

"Ah. Masasi mnaleta korosho nzuri, lakini mna maneno mengi."

Wanangu, nilikaa kitandani kwake nikacheka mpaka machozi. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote, na sehemu kubwa ya miaka yake hapa Kanada. Kilichobaki ni Lindi, duka la baba yake la nguo na nafaka, na Kiswahili cha dukani. Aliniita mwalimu. Siku nyingine aliniita muuza korosho.

Mwanawe alikuja kila Jumapili mwanzoni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuvua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Mama yake alimtazama akasema, "Duka limefungwa. Njoo kesho." Jumapili ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Siku moja nilimkuta kwenye korido amesimama kuelekea ukutani.

"Nimekuja kesho mara kumi na moja," akaniambia kwa Kiswahili, anajaribu kutabasamu. "Hakuna mtu mle ndani, dada. Mama alishaondoka." Baada ya hapo akawa anakuja sikukuu tu.

Idi ilipokaribia, msimamizi alitaka maonyesho ya Idi kama yale ya Krismasi, ili ionekane kwamba nyumba yetu ni ya watu wote. Nikapanga tutengeneze bahasha za mkono wa idi, zile za kuwatilia watoto fedha za sikukuu. Bi Sakina alikuwa na wajukuu sita. Nikamletea karatasi ngumu za rangi, zinazong'aa, na bahasha moja ya mfano.

Akaigusa ile karatasi kwa kidole gumba. "Hii haishiki. Nipe gazeti."

Nikampa gazeti la sebuleni. Wanangu, mtu huyu alikuwa hajui kama amekula, lakini alirarua ule ukurasa kwa ukingo wa meza, ukanyooka kama umekatwa kwa mkasi. Akaushika pembeni, akauzungusha mkononi mara moja, akakunja ncha ya chini kwa dole gumba, na pale mezani kikasimama kikaratasi cha kusokota, kama vile vya karanga, chenye ncha chini na mdomo juu. Akafanya cha pili. Cha tatu. Mikono haikusita hata kidogo. Nikahesabu: sita vya kimo kimoja, na cha saba kikubwa zaidi.

"Njugu ziko wapi?" akauliza.

Njugu haziruhusiwi pale, zinadhuru wengine. Nikampa vifungo vya shati. Akavitazama kwa dharau, akatia vichache kila kimoja, halafu akaomba kalamu. Akaandika juu ya vile vikaratasi, pembezoni mwa habari za gazeti, vialama vidogo kama nyayo za kuku. Nilijua kwamba wazee wa ugonjwa ule huchorachora. Kwenye kile cha saba alichora muda mrefu, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimeinama namshikia karatasi isiteleze, na msimamizi akapita akatupiga picha.

Alipopelekwa kula, nikavitazama. Magazeti. Wino umevuja. Picha ya tangazo la matairi upande mmoja. Nikafikiria ukumbi, meza yenye kitambaa cheupe, familia zimevaa nguo mpya. Nikatoa vifungo, nikavitia vile vikaratasi vyote saba kwenye pipa la bluu la karatasi, nikakaa nikatengeneza bahasha sita safi, zenye mwezi na nyota. Nilikunja kila pindo kwa mgongo wa kijiko ili likae kali. Zilipendeza. Hata leo nasema zilipendeza.

Siku ya sherehe Murtaza alikuja peke yake, watoto wana mafua. Nikamkabidhi bahasha sita mbele ya mama yake.

Akazigeuza geuza. "Umetengeneza wewe, Mama?"

Bi Sakina akazitazama. "Mimi? Hizi sizijui. Muulize mwalimu."

Murtaza akanigeukia. Alikuwa ananiuliza kweli, wanangu. Uso wake wote ulikuwa swali. Na pale nilikuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, kwamba mama yako alitengeneza kitu kingine, nami nimekitupa. Pipa lilikuwa limeshachukuliwa, lakini angalau angejua.

"Ametengeneza mwenyewe," nikasema. "Mimi nilimshikia karatasi tu."

Bi Sakina aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyewahi kuniangalia hivyo, kama mwenye duka anayemwona mtu anachezea mzani. Halafu likampita, akauliza kama ni saa ya chai.

Haikufika miezi miwili akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakaisha, hata yale ya Lindi. Nilikuwa nampelekea gazeti. Niliuweka ukurasa kwenye kiganja chake, nikamwanzishia kunjo, nikauondoa mkono wangu, nikasubiri. Karatasi ilibaki pale ilipo. Nilifanya hivyo karibu kila siku kwa wiki tatu. Akafariki asubuhi moja ya baridi, akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi yao.

Siku chache baadaye Murtaza alikuja kuchukua vitu vyake. Nilimsaidia kukunja nguo. Kwenye mfuko wa sweta la mama yake akatoa kikaratasi cha gazeti, kimebanwa, hakina maandishi. Lazima Bi Sakina alikitengeneza cha nane nilipogeuka. Murtaza alikaa chini polepole.

"Hiki kimetoka wapi?"

Niliendelea kukunja nguo.

"Dada, sisi kwetu mkono wa idi haukuja na bahasha," akasema. "Ulikuja hivi. Babu alikuwa anatusokotea vikaratasi vya gazeti, anatia njugu juu, shilingi chini, na jina la kila mtoto anaandika ubavuni kwa Kigujarati. Mama alivirithi kwake. Alinifanyia mpaka nikaoa. Sijaona hiki kitu miaka ishirini." Akakigeuza. "Alikuwa anavifanya hapa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia gazeti mpaka pipa la bluu, na kile cha saba. Sikujitetea, kwa sababu sikuwa na cha kujitetea nacho. Alisikiliza amekishika kile kikaratasi kwa vidole viwili.

"Vilikuwa na maandishi?"

"Nilidhani ni michoro."

"Vyote saba?"

"Vyote."

Nikakumbuka picha. Tukaenda ofisini, msimamizi akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza. Pale mezani vilionekana vile vikaratasi, vimesimama kama watu waliopanga foleni. Murtaza akasogeza uso karibu na kioo. Akasoma jina la mjukuu mmoja, halafu la pili. Yule mama ambaye daktari alisema hajui hata jina lake mwenyewe alikuwa ameandika majina ya wajukuu, na mdogo kabisa alizaliwa hapa Kanada, baada ya ugonjwa kuanza.

Akafika kwenye kile kikubwa.

"Inasema, 'Mwambieni Murtu,'" akasoma. Akageuka akanitazama. "Murtu ni mimi. Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu baba afariki."

"Wamwambie nini?" aliuliza msimamizi kwa Kiingereza, baada ya mimi kumfasiria.

Murtaza alionyesha kioo. Chini ya yale maneno mawili kulikuwa na mstari mwingine, labda miwili. Juu yake kulikuwa na vidole vinne vya mkono wangu, vimeshika karatasi isiteleze.

Tulijaribu kuikuza zaidi. Tukatafuta picha nyingine, na hakukuwa na nyingine. Msimamizi aliniuliza kama nakumbuka umbo la zile alama. Nilifumba macho nikajaribu. Najaribu mpaka leo, nikiwa kwenye basi, nikiwa kanisani. Naiona meza, naona ulimi wake pembeni mwa mdomo, naona tangazo la matairi. Maandishi siyaoni. Sikuyatazama nilipopewa nafasi ya kuyatazama.

Murtaza hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Alisema jambo moja tu: "Kumbe alikuwa ananitafuta." Nilimpigia Doreen jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Hakuniambia kwamba alinionya.

Mtadhani baada ya hapo niliacha kurekebisha, nikawa mtu mpya. Niliacha, ndiyo. Meza zangu zikajaa madoa na karatasi zilizopinda, familia zikaacha kulia kwa furaha, nyingine zikazisahau kadi palepale kwenye viti. Sikuweza kuwalaumu. Lakini kuacha kosa hakurudishi kitu. Miaka mingapi nilirekebisha? Wazee wangapi? Nilikaa nikawaza yule mama wa Kipolandi asiyeweza kushika kijiko. Alikuwa ametengeneza nini kabla sijamtengenezea shada la waridi? Sijui. Nilikitupa, kwa hiyo hakuna anayejua, na binti yake bado ameweka kabatini waridi za mwanamke wa Masasi. Nilitaka kumtafuta nimwambie. Kisha nikajiuliza ninamwambia kwa faida ya nani, nikaacha. Nilifanya kazi miaka mingine saba hivyo hivyo, mpaka vidole vyangu vikaanza kuvimba kwenye viungo, nikastaafu kwa keki na kadi. Kadi ilikuwa ya dukani.

Kwa hiyo nitawafundisha, wanangu. Jumamosi njooni na unga wa ngano, mkasi na magazeti ya zamani. Mtamfunza bibi yenu kukunja, na mtoto wa dada yenu, na atakachotoa kitakuwa kibaya. Kiacheni. Kama kuna maandishi msiyoyajua, ulizeni. Hayo ndiyo yote ninayojua baada ya miaka kumi na minne, na niliyajua wiki ya kwanza.

Sijawaambia habari ya arobaini.

Murtaza alinialika kwenye arobaini ya mama yake, kituoni kwao kule Thornhill, barabara ya Bathurst. Nilijifunga mtandio wa kuazima, nikakaa upande wa wanawake, nikanywa birika zima la chai kwa kukosa pa kuweka macho. Wakati wa kuondoka alinifuata kwenye eneo la magari, akasimama mbali kidogo.

"Wanangu nimewaambia bahasha alitengeneza Dadima," akasema. Ndivyo walivyomwita bibi yao. "Sina kitu kingine cha kuwapa kutoka kwake. Tafadhali, dada."

Sikuwahi kujibu, kwa sababu binti yake mmoja alikuwa ameshatufikia, msichana wa miaka minane hivi, koti halijafungwa, na bahasha yangu ameibana kifuani. Pembe zake zilikuwa zimeanza kulegea kwa kushikwashikwa. Aliongea Kiingereza, kama wenzake wote.

"Wewe ndiye ulikuwa unamshikia karatasi Dadima?"

"Ndiye mimi."

"Baba anasema alikuwa amesahau kila mtu. Lakini yangu aliifanya ya zambarau." Akainua ile bahasha nione vizuri. "Ndiyo rangi ninayoipenda. Kwa hiyo mimi hakunisahau, sivyo?"

Karatasi ya zambarau ndiyo iliyokuwa imebaki kabatini siku ile. Nilimtazama baba yake, akatazama chini, kwenye theluji.

"Hakukusahau," nikamwambia.